Nyonga Haijahama: Kuchagua Kati ya Mikono na Mazoezi

Mtu akiingia kliniki mjini Moshi na kusema "nyonga inaniuma", bado hajasema inauma wapi, kwa sababu neno hilo moja limebebeshwa sehemu tatu za mwili. Wapo wanaolitumia kwa kiungo kinachounganisha paja na kiwiliwili, ambacho kikiugua maumivu husikika zaidi kwenye kinena na mtu hupata taabu hata kuinama afunge kamba za viatu. Wapo wanaolitumia kwa mzunguko mzima wa mifupa unaobeba tumbo, ule ambao vitabu vya shule huuita fupanyonga. Na wapo, hasa wanawake waliokwisha kuzaa, ambao wakisema nyonga huweka kidole nyuma, chini ya kiuno, karibu na vile vishimo viwili vinavyoonekana juu ya makalio. Makala haya yanawahusu hao wa mwisho: watu wenye maumivu ya viungo vya fupanyonga yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, ambao kila wiki huuliza swali lilelile, yaani waende wakanyooshwe kwa mikono au waanze mazoezi.

Swali ni la haki, ila limesimama juu ya picha yenye kasoro. Anayeuliza huwa ameshaambiwa, na jirani, na shangazi, na wakati mwingine na mtaalamu mwenyewe, kwamba nyonga yake "imehama", "imeachia" au "imetoka mahali pake". Akishaamini hivyo, mikono inaonekana ndiyo tiba halisi, kwa maana kitu kilichohama lazima kirudishwe, na mazoezi yanabaki kuwa nyongeza ya watu wenye muda. Kabla ya kuchagua, basi, tuikague picha hiyo.

Fupanyonga ni duara. Nyuma, katikati, umekaa mfupa wa pembetatu uitwao sakramu, ambao ni mwendelezo wa uti wa mgongo kabla ya kufikia kifandugu. Kushoto na kulia kwake imeshikamana mifupa miwili mipana, nayo huzunguka hadi mbele ikakutana juu ya sehemu za siri. Viungo vya duara hilo ni vitatu: viwili vya nyuma, vinavyoitwa vya sakroiliaki, na kimoja cha mbele. Uzito wote wa kiwiliwili, pamoja na mkungu wa ndizi ulio kichwani, hupita kwenye vile viwili vya nyuma kabla ya kugawanyika kwenda miguuni. Kwa kazi hiyo vimeumbwa imara: nyuso zake zina mabonde na vilima vinavyoingiliana, na kano zinazovifunga ni miongoni mwa kano zenye nguvu kuliko zote mwilini.

Matokeo yake ni kwamba havisogei sana. Mwaka 1989 watafiti wa Sweden walichapisha vipimo walivyovipata kwa kupandikiza chembe ndogo za madini kwenye mifupa ya wagonjwa na kuwapiga picha za eksirei wakiwa katika mikao mbalimbali. Mzunguko wa viungo hivyo ulikuwa wa wastani wa nyuzi 2.5 hivi, na kuteleza kwake, kwa wastani, hakukufika milimita 1. Mwaka 1998 watafiti wengine wa Sweden walitumia mbinu hiyohiyo kwa wagonjwa 10, kabla na baada ya kunyooshwa kwa mikono. Wataalamu waliowapima kwa kuwapapasa waliona kuwa nyonga sasa imekaa sawa. Picha zilionyesha kuwa mifupa ilikuwa palepale ilipokuwa.

Na ule mlio? Wengi huusikia kwa masikio yao, "ka!", wakaondoka wakiwa na hakika kuwa mfupa umerudi. Mlio huo ni sawa na wa kuvunja vidole: kiungo kikivutwa kwa ghafla, shinikizo la majimaji yaliyomo hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza ndani yake. Hauelezi mfupa umekaa wapi, na unyooshaji unaweza kumsaidia mtu bila mlio wowote.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mikono ni kiini macho. Kugusa, kukanda, kuvuta taratibu na hata kunyoosha kwa kishindo hutuma taarifa nyingi kwenye mishipa ya fahamu, na uti wa mgongo na ubongo huzipokea na kupunguza ukali wa ishara za maumivu. Misuli iliyokaza hulegea, mtu hupumua kwa kina, hugeuka kitandani bila kuuma meno. Nafuu hiyo ni ya kweli. Tatizo lake ni umri: hudumu saa kadhaa, pengine siku chache, kisha mtu hurudi alipokuwa, kwa kuwa namna mwili wake unavyobeba uzito haijabadilika.

Kuna kipimo kimoja rahisi kinachoonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu. Mwaka jana nilikuwa nikimpima mama mmoja wa vijiji vya Kibosho, ambaye maumivu yalimwanza kwenye mimba ya tatu na hayakuondoka baada ya kujifungua. Alikuwa amenyooshwa mara tisa kwa mtu anayesifika. Kila mara alirudi nyumbani mwepesi, na kila mara maumivu yalimkuta kabla ya Jumapili. Nilimlaza chali.

"Mama, inua mguu wa kulia bila kukunja goti, kiasi cha shibiri moja."

Mguu ulitikisika, ukapanda nusu, tumbo likavimba na pumzi ikakatika. "Mzito, mwanangu. Kama si wangu."

Nikaweka viganja pande mbili za fupanyonga yake nikabana kuelekea ndani, si kwa nguvu nyingi. "Inua tena, mama."

Ulipanda. Akaushusha, akaupandisha mwenyewe mara ya pili bila kuambiwa. "Heh! Umeurudisha mfupa?"

"Sijarudisha kitu, mama. Nimekushikia tu."

Kilichofanywa na viganja vyangu kwa sekunde kumi ndicho kinachopaswa kufanywa na misuli yake kutwa nzima. Anayekata majani ya ng'ombe analijua jambo hili kwa mikono yake: mzigo uliofungwa kamba ukakazwa vizuri hushuka mlima ukiwa kitu kimoja, na uliolegea huanza kuchezacheza kichwani kabla hujafika kwenye mfereji. Majani ni yaleyale. Tofauti ni kamba. Kwenye fupanyonga kamba hizo ni misuli ya ndani ya tumbo inayozunguka kiwiliwili kama mkanda, misuli ya sakafu ya nyonga inayozuia mkojo, misuli midogo iliyolala kando ya uti wa mgongo, na msuli mkubwa wa kalio, ambao kwa kupitia utando mpana wa mgongoni hushirikiana na msuli wa bega la upande wa pili kila tunapopiga hatua. Wakati wa ujauzito homoni hulegeza kano, mwendo hubadilika, tumbo hutanuka. Takribani mjamzito 1 kati ya 5 hupata maumivu ya aina hii. Wengi hupona wenyewe miezi michache baada ya kujifungua. Wachache hubaki nayo, na hao ndio hasa tunaowazungumzia, ingawa wanaume na wanawake wasiowahi kuzaa nao hupata, kwa mfano baada ya kuanguka kwa makalio au kupata ajali ya bodaboda.

Kwa hiyo mazoezi yameshinda? Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na mimi mwenyewe niliharakisha miaka ya mwanzo ya kazi. Ushahidi unaonukuliwa zaidi ni wa Norway, uliochapishwa mwaka 2004: wanawake 81 wenye maumivu ya fupanyonga baada ya kujifungua waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipata fiziotherapia kwa wiki 20, lakini kundi moja lilipewa pia mazoezi mahususi ya kuimarisha misuli ile niliyoitaja. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu na ya utendaji, na tofauti ilikuwa bado ipo miaka miwili baada ya kujifungua. Ukisoma hapo tu, utafunga mjadala.

Lakini miaka minne kabla yake, mwaka 2000, watafiti wa Uholanzi walikuwa wamewapa wanawake wenye tatizo hilohilo mazoezi ya misuli ya tumbo na mgongo kupitia mkanda wa video, wakayafanye nyumbani. Hayakuleta faida yoyote ya ziada kuliko kutofanya, na baadhi ya wanawake walilazimika kuacha kwa sababu ya maumivu. Na mwaka 2010 utafiti wa Sweden wa mazoezi ya kuimarisha yanayofanyiwa nyumbani nao haukuona tofauti ya maana kati ya waliofanya na wasiofanya. Mazoezi ya jina moja, matokeo mawili. Nionavyo, jibu liko kwenye namna yalivyotolewa: wale wa Norway walipimwa mmoja mmoja, wakapangiwa kila mtu lake, wakasahihishwa na kuongezewa uzito wa mazoezi hatua kwa hatua kwa karibu miezi mitano. Wale wa video waliachiwa picha. Leo video hiyo iko kwenye simu ya kila binti wa Arusha, nayo haimuoni anayeitazama, haijui kama anashikilia pumzi, na haiwezi kumwambia kuwa zoezi la leo limemzidi.

Yapo pia maumivu ambayo kukaza ndiko kunakoyachochea. Fikiria dada anayekaa ofisini Njiro, jijini Arusha, anayebana tumbo tangu asubuhi ili gauni likae vizuri, aliyeambiwa kuwa nyonga yake "haina nguvu" na kuanza kujishikilia hewani kwa viwiko na vidole vya miguu dakika mbili kila usiku. Ukimpima kwa kipimo kile cha kuinua mguu, hainui kwa shida, na ukimbana pande mbili hapati wepesi. Mara nyingine ndiyo anaumia zaidi. Misuli yake haikulala. Imekesha. Kamba imekazwa mpaka inakata mzigo. Mtu wa namna hii akipewa mazoezi ya kukaza atarudi wiki ijayo akiwa mbaya zaidi, na atakuwa na haki ya kukasirika. Kwake mikono ina nafasi kubwa zaidi mwanzoni: kukandwa kwa utulivu, kufundishwa kupumua hadi tumbo litanuke, kuketi bila kujibana, kutembea akiwa amelegeza mabega na mikono ikining'inia. Nguvu itafuata baadaye.

Hapo ndipo ninapoona uchaguzi wenyewe ulipo. Si mikono dhidi ya mazoezi. Ni kujua kwanza kama viungo hivi vinakosa kushikwa au vimeshikwa kupita kiasi, kisha kuamua mikono itumike kwa lengo gani na kwa muda gani. Kwa yule mama wa Kibosho, mikono ilikuwa ya kumpunguzia maumivu wiki mbili tatu za mwanzo ili aweze kufanya kazi ya misuli bila kuogopa. Kwa dada wa Njiro, mikono ilikuwa ya kumfundisha mwili wake kuachia. Kwa wote wawili, mtaalamu anayepanga kuwanyoosha kila wiki kwa mwaka mzima angekuwa anauza nafuu ya siku tatu.

Nafungua mabano kuhusu kukandwa kwa mzazi, kwa sababu huwezi kuzungumzia mikono na nyonga huku kwetu ukaliruka jambo hilo. Mzazi anayenyweshwa mtori, akakandwa kwa kitambaa na maji ya moto na kufungwa kanga tumboni, anapewa pumziko, uangalizi na joto linalolegeza misuli, na sina sababu ya kuvidharau hivyo. Ila maji yasiwe ya kubabua ngozi, kidonda kisikandwe, na tumbo lisisukumwe kwa nguvu. Kuhusu kanga, kuna jambo dogo ambalo bibi zetu wangelirekebisha wakaipata faida ya bure: ikifungwa juu tumboni haishiki viungo vya nyuma hata kidogo. Ishushe hadi chini ya zile ncha mbili za mifupa zinazochomoza mbele, ipite juu ya makalio, kisha ikaze kiasi cha kuingiza vidole viwili. Hapo inafanya kazi ya viganja vyangu. Mikanda ya dukani hufanya hivyohivyo. Itumike kwa vipindi vifupi, wakati wa kutembea au kusimama sana. Ikivaliwa kutwa kwa miezi, mtu huanza kuiogopa siku atakayoivua.

Mazoezi yenyewe huanza kwa udogo unaokera. Kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, kutoa pumzi na kuvuta taratibu sehemu ya chini ya tumbo pamoja na ile misuli ya kuzuia mkojo, bila kukaza mgongo wala kushika pumzi. Kisha kuweka mto katikati ya magoti, kuubana kidogo na kuinua makalio. Kisha kupiga magoti na kushika sakafu, ukinyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa, kwa sababu hakuna anayeishi akiwa amelala chali. Mazoezi lazima yasimame na kwenda mahali maumivu yanapotokea: kunyanyuka kwenye kigoda, kupanda ngazi, kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kuvaa suruali. Kupanda kifodi, yaani daladala ndogo, chenye ngazi ya juu ni kipimo tosha, kwa kuwa uzito wote unahamia upande mmoja wa fupanyonga kwa ghafla huku konda akikuhimiza. Kwa wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambao mzigo wao una kikomo cha kilo 20, mazoezi ambayo hayajafika kwenye kuteremka na mzigo hayajafika popote. Kuteremka ndiko kunakosumbua viungo hivi, kwani kila hatua ni kudondoka kidogo.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya madhara. Kanuni ninayoitumia ni ya asubuhi: ukiamka kesho yake ukiwa kama jana, kiasi kilikuwa sawa; ukiamka umeshika kiuno na huwezi kugeuka, punguza nusu, usiache. Maumivu yaliyokaa muda mrefu huufanya mfumo wa fahamu kuwa mwepesi wa kupiga kelele, kama mbwa wa nyumba iliyoibiwa mara moja anayebweka hata kwa wageni wa heri. Kulala vibaya, hofu ya mfupa "kutoka tena" na ugomvi wa nyumbani huongeza ukali wake bila kiungo kuharibika zaidi. Ndiyo maana maneno ya mtaalamu ni sehemu ya tiba, na ndiyo maana nachukizwa na kauli ya "nyonga imehama": mgonjwa huondoka nayo, akatembea miaka kumi kwa tahadhari kama amebeba mayai.

Yapo maumivu ya eneo hili ambayo hayastahili mikono wala mazoezi mpaka daktari ayaone. Huku kaskazini, tulikozungukwa na ng'ombe na mbuzi, nitautaja kwanza ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo na maji ya uzazi ya mnyama aliyetupa mimba. Hupenda sana viungo vya sakroiliaki. Mtu huwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya upande mmoja wa nyonga. Anatibiwa malaria mara tatu, kisha anapelekwa kunyooshwa. Huo huhitaji kipimo cha damu na dawa za wiki kadhaa. Kifua kikuu nacho huingia kwenye mifupa. Kijana wa chini ya miaka 45 ambaye kiuno hukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, akaamshwa na maumivu usiku wa manane na kupata nafuu akitembea, achunguzwe ugonjwa wa uvimbe wa viungo. Na anayepoteza hisia sehemu za siri, au anayeshindwa kuzuia mkojo au choo kwa ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Kuhusu diklofenaki, zile dawa za maumivu za duka la dawa zinazomezwa mwezi hadi mwezi, niseme tu kwamba tumbo na figo hulipa deni hilo.

Linabaki suala la fedha, ambalo kwa wengi ndilo linaloamua. Mama wa Kibosho alikuwa na uwezo wa kuja mjini mara nane tu, nauli na malipo vikiwa pamoja. Angeweza kuzimaliza kwa miezi miwili kwa kukandwa kila wiki. Tulizigawa hivi: mara mbili katika wiki ya kwanza, kwa uchunguzi na mikono pamoja na zoezi moja tu, mara tatu katika wiki sita zilizofuata, mikono ikipungua na mazoezi yakiongezeka, na tatu za mwisho tukaziweka mbali mbali hadi mwezi wa tano, za kumsahihisha na kumwongezea uzito. Katikati alifanya nyumbani siku tatu kwa wiki, kwenye mkeka, watoto wakimpandia mgongoni. Mwezi wa tatu alianguka kwenye utelezi na maumivu yakarudi kwa siku kumi. Alinipigia simu akitaka anyooshwe, nikamwambia arudie mazoezi ya wiki ya pili na afunge kanga chini, alivyofundishwa.

Alipokuja mara ya nane nilimlaza tena chali na kumwomba ainue mguu wa kulia. Aliuinua huku akinieleza kuhusu ng'ombe wake aliyezaa. Majani anakata mwenyewe siku hizi, ila ameugawa mzigo mara mbili, na mmoja anambebesha kijana wake akirudi shule.